Vigelegele Kutoka Stoo

Mimi ndiye niliyemtoa yule mama mbele ya kanisa na kumweka stoo. Wapo wengine waliohusika, nitawaeleza, lakini maneno yalitoka kinywani mwangu, na niliyatoa kwa raha. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeshawahi kulisimulia kwa marafiki mara mbili tatu, na kila mara nilijikuta najipunguzia sehemu yangu.

Kanisa letu liko Bigwa, pale mji unapoishia na mlima unapoanza. Wakati ule lilikuwa bati juu ya nguzo za mbao, ukuta wa matofali uliofika kiunoni, na viti vya plastiki. Mimi nilikuwa kiongozi wa sifa. Kabla mchungaji hajahubiri, kuna karibu saa nzima ya kuimba mapambio, kupiga makofi, kuruka na kucheza, na lazima mtu mmoja ashike kipaza sauti awapandishe watu. Watu wanakuja Jumapili wamechoka. Wengine wametoka kugombana na waume zao, wengine hawajanywa chai. Unawakuta wamekunja mikono, na kazi yako ni kuikunjua. Nilikuwa naiweza kazi hiyo. Wiki nzima nilikuwa fundi cherehani tu wa Kilakala, napunguza sare za shule na kubadilisha zipu, wateja wananisemesha huku wanatazama simu zao. Jumapili nikisema, mpigieni Bwana makofi, kanisa zima linafanya nilivyosema. Nadhani kwa miaka mingi niliishi kwa ajili ya ile saa moja.

Ndipo akaja yule mama.

Alikuwa Mluguru wa juu kabisa, kutoka kijiji chenye misheni ya zamani. Huko alizaliwa, huko aliolewa, na huko alimzika mumewe. Mume alipofariki alishuka akapanga chumba Bigwa, akawa anapokea karoti, kabichi na njegere kutoka kwa shemeji zake na kuziuza soko kuu. Kwao ni Wakatoliki wote. Kigangoni kwao nako wanapiga makofi, wana ngoma na kayamba, lakini kwa kipimo, na yeye hakuwa na kipimo. Katekista alishamwambia mara kadhaa apunguze, maana alikuwa anapiga vigelegele hata pale watu walipotulia baada ya komunyo. Jirani yake wa chumba, muumini wetu, alimwambia kuna mahali hawatamnyamazisha, akamleta.

Shingoni alikuwa na rovu. Kule mlimani si jambo la kushangaza kwa watu wa umri wake, lakini lake lilikuwa kubwa, mfano wa embe dodo chini ya kidevu, na lilipanda na kushuka alipomeza mate. Hakulifunika. Alivaa khanga yake begani kama kila mtu, shingo wazi, akakaa mstari wa pili.

Jumapili ile ya kwanza nilianza pambio langu la kawaida. Kwa kawaida nilihitaji mapambio matatu kabla watu hawajasimama wote. Katikati ya pambio la kwanza nikasikia makofi ambayo hayakuwa ya kwetu. Alivikunja viganja kidogo, kama mtu anayetaka kuteka maji, ndipo akavipiga, na mlio wake ulikuwa mzito. Tena hakupiga pamoja nasi. Sisi tulipiga, yeye akapiga katikati, tukapiga, akapiga katikati, hadi mpiga ngoma akaacha kunifuata mimi akamfuata yeye. Kisha akainua uso akapiga vigelegele. Vilianza chini, vikapanda, vikakaa juu bila kukatika muda mrefu kuliko pumzi yangu. Nilipofungua macho kanisa lote lilikuwa limesimama, na wamama wa nyuma walikuwa wametoka kwenye viti wanacheza njiani. Mimi sikuwa nimesema kitu.

Mchungaji alipopanda kuhubiri alisema leo Bwana ametuletea mtu. Nilisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Alikuwa mtu mwepesi kupendwa. Nilimwamkia shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu, na kila Jumapili alinipa kitu kwenye mfuko, njegere zilizomenywa au karoti changa zenye majani yake, kwa sababu, alivyosema, waimbaji wanamaliza nguvu. Nilizipokea na nikazila. Mama mwenye nyumba wangu, ambaye ni Mwislamu na hajawahi kuingia kanisani kwetu, alikuja Bigwa siku moja kwa dada yake akasikia kutoka barabarani. Jioni aliniuliza ni nani yule mwenye vigelegele, kwa sababu aliposikia alitamani kuwe na harusi. Nilimjibu ni mama mmoja tu wa mlimani. Hakuniuliza ni nani alikuwa anaongoza.

Watu walianza kuja kumsikia. Nikiwa jukwaani niliona macho yao yanavyonipita yakaenda mstari wa pili. Ningeweza kumwita apande tuimbe pamoja. Mchungaji aliwahi kulipendekeza, nikamjibu kwamba mama wa watu hajazoea kipaza sauti, tusimtie hofu.

Mara moja tu mchungaji alimwombea ile shingo. Ilikuwa ibada ya kawaida, alimwita mbele, akaweka viganja vyake viwili juu ya rovu, akaliamuru litoke, na sisi tukashangilia na kupiga makofi kwa muda mrefu. Alipoondoa mikono lilikuwa palepale. Mchungaji akasema tuendelee kuamini, tukaimba, na tangu siku ile hakuna aliyelitaja tena. Yeye mwenyewe aliniambia baadaye, akicheka, kwamba mikono ya mchungaji ilikuwa ya moto kama mkate, na kwamba rovu lile lilikuwa limemkuta mama yake na bibi yake, wote walizeeka nalo wakiimba.

Kisha zikaja kamera. Washirika wetu waliohamia Dar es Salaam walituletea mitambo, tukaanza kurusha ibada mubashara kwenye mitandao. Tulibadilika ndani ya wiki chache. Pazia la zambarau lilitundikwa nyuma ya jukwaa, viti vya mbele vikavalishwa vitambaa, na waimbaji tukashonewa nguo za kufanana, nilizozishona mimi mwenyewe. Mama mchungaji alikuwa anazitazama ibada upya Jumatatu, anasimamisha picha, anatazama kila kitu. Jumatatu moja aliniita nyumbani kwake akanionyesha. Mpiga picha alikuwa amempenda yule mama, kila baada ya dakika mbili alimrudia: mikono inapiga, uso umeinuka, na katikati ya kioo lile rovu linatetemeka kwa vigelegele.

Mama mchungaji hakuwa mtu mbaya. Alisema anamwonea huruma. Alisema watu wa nje hawamjui moyo wake, wanaona tu wanachokiona, na pengine tungemtafutia mahali pazuri zaidi pa kukaa, pembeni kidogo, ila hajui nani wa kumwambia. Nikasema nitamwambia mimi. Akanisihi nimwambie taratibu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Nilimkuta chumbani kwake amekaa kwenye mkeka anamenya njegere. Akaniwekea chai, nikakaa, nikamsaidia kumenya. Nilikuwa nimekuja na maneno yaliyopangwa: kwamba kanisa limekua, kwamba kuna utaratibu mpya wa viti. Nilipomwona ametulia vile, anafurahi kwamba nimemtembelea, yale maneno niliyaacha.

"Mama, watu wanacheka," nikamwambia.

Akauliza wanacheka nini.

"Shingo yako. Kwenye simu. Wanaikuza ile picha, wanatumiana."

Haikuwa kweli. Nilikuwa nimesoma maoni yote, na yaliyomhusu yalikuwa mawili. Mmoja aliuliza yule mama anaumwa nini, mwingine akaandika pole mama, mpelekeni hospitali. Hakuna aliyecheka.

Akaacha kumenya. Mkono wake ukapanda shingoni, mara ya kwanza kumwona anapashika, na akapashika kwa ncha za vidole kama mtu anayepima kitu cha moto.

"Mimi nilidhani mnanitazama mikono," akasema.

Nikamweleza basi kwamba tumepata njia nzuri. Nyuma ya jukwaa kuna stoo. Tutamwekea humo kipaza sauti chake mwenyewe, atapiga makofi na vigelegele akiwa huko, na sauti itasikika kanisani kote na kwenye mitandao, pengine vizuri kuliko sasa. Nilimweleza kama zawadi. Akafikiri kidogo, akasema sauti ikifika, yeye hana neno. Kisha akanifungia njegere niende nazo nyumbani.

Stoo yenyewe ilikuwa chumba cha matofali ambacho hakijapigwa lipu. Mlikuwa na viti vilivyovunjika miguu, mifuko ya saruji iliyobaki, fagio, ndoo, na maua ya plastiki ya harusi. Dirisha lilikuwa moja, dogo, la juu, lililotazama mlimani na si kanisani. Tulimwekea kiti katikati, tukapitisha waya chini ya mlango. Fundi mitambo, mtu mzima mwenye watoto, alinong'ona kwamba jambo hili si zuri. Nikamwambia afunge waya.

Na sauti ilifika. Jumapili baada ya Jumapili mlio wa vile viganja ulitoka kwenye spika kama vile unatoka angani, na vigelegele vikapanda, na watu wakasimama. Wapya hawakujua vinatoka wapi. Kwenye picha kulikuwa na mimi tu mbele ya pazia la zambarau, kipaza sauti mdomoni, uso umeinuka. Watu wakaandika kwamba yule dada ana vigelegele vya pekee. Mgeni mmoja kutoka Mzumbe alinikumbatia mlangoni akaniomba nimpigie japo mara moja asikie kwa karibu. Nikamwambia koo linaniuma.

Alikuwa anatusikia kupitia ukutani, kwa hiyo mara nyingine alichelewa nusu ya pigo. Zamani kupiga kwake katikati ndiko kulikoinua wimbo. Sasa nilimfuata stoo baada ya ibada nikamwambia anatuharibia. Alisema samahani, mwanangu, ukuta unameza. Akajaribu kukaa karibu na mlango, nikamwambia sauti itagonga, spika zipige mluzi, arudi katikati. Haikuwa inagonga.

Mara mbili meza ya Bwana ilipita na hakuna aliyemkumbuka. Wahudumu walizungusha mkate na vikombe mstari kwa mstari, wakamaliza, wakafunika. Mara ya kwanza nilisahau kweli. Mara ya pili nilikumbuka, na nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka mlango wa stoo, nikainamisha kichwa nikaomba na wengine. Alipotoka aliniuliza kama leo tumeshiriki. Nikamwambia tumeshiriki. Akasema, "Basi nitashiriki mwezi ujao," kisha akatoa karoti kwenye mfuko.

Alikaa stoo karibu miezi sita. Jumapili moja hakuja, na iliyofuata hakuja. Nilirudi kwenye mapambio yangu matatu, na mikono ikakaa imekunjwa. Kwenye mitandao wakauliza dada ana nini, mbona hana moto. Nikawa nawakemea watu kutoka jukwaani, nawaambia wanamnyima Mungu sifa zake, wamekuja kukaa kama mawe.

Habari niliipata kwa binti yake, ambaye alikuwa anafanya usafi kwenye hosteli za wanafunzi Mzumbe na alikuja mwisho wa wiki kumfulia mama yake. Nilimkuta uani kwao anaanika shuka. Alinieleza kwa heshima, kwa sababu wakati huo alikuwa hajui kitu. Mama yake alikwenda hospitali akaomba rovu likatwe. Daktari alimpima, akamwambia halina hatari, anaweza kukaa nalo, na akamweleza wazi kwamba mshipa wa sauti unapita jirani na pale, na kwa rovu la ukubwa ule unaweza kuguswa. Akamwambia arudi nyumbani akafikiri. Hakufikiri. Alirudi kesho yake akasema akatwe.

Nikamuuliza binti kwa nini hakumzuia.

"Nilimzuia," akasema. "Akaniambia anataka kukaa na watu."

Sauti haikurudi. Walisubiri, wakarudi hospitali, wakaambiwa wasubiri tena. Kilichobaki ni mnong'ono, kama mtu anayezungumza na mtoto aliyelala. Binti aliniambia mama yake ndani anasikia tunavyozungumza, niingie nimwone. Nikasema nina haraka, nitakuja siku nyingine. Sikwenda.

Alirudi kanisani mwenyewe, Jumapili ya ibada ya shukrani. Nilikuwa jukwaani tayari. Nilimwona anaingia kwa mlango wa kati, si ule wa pembeni wa kwenda stoo, amevaa gauni jipya lenye kola ya chini, shingo imenyooka, na kovu jekundu limezunguka mbele kama mkufu. Akaenda mstari wa pili akakaa. Watu wakaanza kugusana viwiko. Kisha akasimama, akavikunja viganja, akaanza kupiga makofi. Mikono ilikuwa ileile. Kwa pambio moja zima kanisa lilirudi kuwa kama siku ya kwanza, na nakiri kwamba hata mimi niliinuka moyo. Lilipofika pale pa vigelegele akafungua kinywa, uso ukapanda, na hakukutoka kitu. Akafumba kinywa akaendelea na makofi.

Mchungaji alishuka kutoka kiti chake. Hakumuuliza chochote. Alisimama mbele yake, akamtazama shingo, kisha akageukia kamera.

"Kanisa, mnakumbuka tulimwombea mama huyu?"

Wakaitika kwamba wanakumbuka. Akamshika mkono akampandisha jukwaani, na makofi yakaanza kabla hajafika juu. Mama mchungaji, aliyekuwa ameketi mbele, alinitazama, akagusa shingo yake mwenyewe kwa kidole. Nilielewa. Nilikuwa na mtandio begani, wa rangi ya nguo zetu. Nikausogeza shingoni kwa yule mama kama mtu anayemfunika mwenzake dhidi ya upepo wa feni, nikauzungusha mara mbili juu ya kovu, nikaufunga kwa nyuma. Mimi ni fundi, najua kufunga kitu kisifunguke. Alinitazama akidhani namkaribisha. Alitabasamu.

Mchungaji akampa kipaza sauti atoe ushuhuda. Alikishika kwa mikono miwili, akajaribu, na spika zikatoa hewa tu. Watu walidhani amezidiwa na machozi, wakapiga makofi kumtia nguvu. Akajaribu tena. Mchungaji akachukua kipaza sauti akanipa mimi, akaniambia niweke sikio mdomoni kwake niwaambie kanisa anachosema.

Nikainama. Pumzi yake ilinukia tangawizi.

"Waambie nilikatwa hospitali," akanong'ona. "Waambie sauti imebaki hukohuko."

Nilisikia kila neno. Nilinyooka, nikaona kamera, nikaona mchungaji ananisubiri na mikono imeinuliwa tayari.

"Anasema Bwana ametenda," nikasema. "Anasema hana maneno."

Sijawahi kusikia makofi kama yale katika maisha yangu. Viti vilianguka. Watu walikimbia kuzunguka kanisa, wengine walilia, mpiga kinanda akasimama akapiga kwa viwiko. Yule mama alinigeukia. Sikuona hasira usoni mwake, aliniangalia tu kwa makini, kama unavyoangalia noti unayoitilia shaka. Kisha mikono yake ikaenda nyuma ya shingo, ikaanza kutafuta fundo. Alilivuta, akalizungusha, akajaribu kupitisha kidole. Watu waliona anagusa mahali pa muujiza, wakazidi kushangilia. Mchungaji alimwambia, mpigie Bwana makofi, mama, usione haya. Akaiteremsha mikono ikaning'inia. Alikuwa mtu pekee kanisani asiyepiga makofi.

Akashuka ngazi peke yake. Njiani watu walinyoosha mikono kumgusa shingo, naye akapita katikati yao kichwa kimeinama hadi nje. Mimi nilianza pambio jingine.

Jumanne binti yake alikuja kibandani kwangu Kilakala. Hakuniamkia. Alisubiri mteja aondoke, akauweka mtandio wangu juu ya cherehani. Ulikuwa umekatwa nyuma, fundo limebaki zima.

"Halikufunguka," akasema. "Tulikata kwa kisu."

Nikamwambia si kitu, ni nguo tu. Akabaki amesimama. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni.

"Mama ameniambia nikuulize alikukosea nini."

Nilikuwa na nafasi. Hapakuwa na mtu mwingine, barabara ilikuwa kimya, na yeye alikuwa amekuja kupata jibu, si kugombana. Ningeweza kumwambia kwamba hakunikosea chochote, kwamba nilimwonea wivu, kwamba hata ile habari ya watu kucheka niliitunga. Nikakanyaga cherehani.

"Mwambie tunamwombea," nikasema.

Aliondoka. Nilishona pindo la sare niliyokuwa nayo hadi mwisho, na lilikuwa limenyooka.

Baadaye, kama miezi miwili hivi, usingizi uliponikataa, nilikwenda kwa mchungaji. Nilimweleza kwamba yule mama alipasuliwa. Alikuwa anasoma, akavua miwani. Akaniuliza kama nina uhakika, nikamweleza habari za binti, daktari na kovu. Nilidhani ataniambia tutangaze, tutubu. Akaniuliza ni nani aliyelitangazia kanisa kwamba Bwana ametenda. Alisema yeye hakusikia alichosema yule mama, alimwamini mtumishi mwenzake aliyeweka sikio. Aliuliza kwa upole kabisa. Kisha akasema hata hao madaktari wanatumiwa na Mungu, kwa hiyo ukitazama vizuri hapakuwa na uongo. Tukaomba pamoja. Nilipotoka nilikuwa nimebaki kiongozi wa sifa, na ushuhuda ukabaki mtandaoni, ambako watu bado wanauandikia amina.

Nilibaki na jambo moja la kufanya, nikaliahirisha hadi mvua za vuli zikaisha. Asubuhi moja nilikwenda soko kuu. Nilimwona kabla hajaniona. Meza yake ilikuwa palepale upande wa mboga za mlimani, karoti zimepangwa kwa mafungu, kabichi zimepangwa nyuma. Alikuwa anauza kwa mikono: anaonyesha vidole, anatikisa kichwa, na mteja asipoelewa anamgeukia muuza viazi wa jirani, ambaye anamsomea midomo na kupaza sauti kwa niaba yake. Yule jirani alikuwa anasema hasa alichoambiwa. Nilisimama nikamsikiliza kwa muda, na hakuongeza neno wala kupunguza.

Nikasogea. Nikamwamkia shikamoo mama. Hakuitika. Shingo ilikuwa wazi, kovu limeanza kupauka. Nikaanza yale niliyoyapanga njia nzima, kwamba nimekuja kumwomba radhi, kwamba ile siku sikusema alichoniambia, kwamba hata zamani, chumbani kwake, sikusema kweli. Nilikuwa nazungumza kwa sauti ya chini, wateja wasisikie. Yeye alikuwa anaondoa majani makavu kwenye kabichi, moja baada ya jingine. Nilipofika katikati aliinua uso. Ule mnong'ono ulinifikia vizuri kabisa pamoja na kelele zote za soko.

"Nunua au pisha."

Nyuma yangu alikuwa amesimama mwanamke mwenye kikapu. Nikapisha. Yule mwanamke akachagua karoti, akaulizia njegere, akajibiwa kwa vidole, akaridhika. Nilikaa pembeni hadi alipoondoka, nikidhani nitarudi mezani, lakini wakaja wengine wawili. Nikaenda kununua mboga kwa muuzaji mwingine upande wa pili wa soko, maana nyumbani hakukuwa na kitu cha kupika.